Kufunga baipodi kwenye bunduki ya shabaha ya .22: shika mti, uache mtutu

Baipodi ni ile miguu miwili ya kusimamishia bunduki kwa mbele, na yangu ya kwanza ilikuwa ya kubana mtutu. Nyepesi, bei poa, haihitaji kutoboa chochote: unafungua taya, unabana, unakaza skrubu, na kazi imeisha kabla chai haijapoa. Na hapa Mafinga mwezi wa saba chai hupoa upesi. Jumamosi ile nilipiga risasi tano kwa mita 50, matundu yote yakafunikwa na sarafu moja ya shilingi 200. Jumamosi iliyofuata, bunduki ileile, boksi lilelile la risasi, kundi la matundu likakaa zuri vilevile, ila vidole viwili juu ya pale nilipolenga. Darubini sikuwa nimeigusa. Nilichobadilisha ni namna ya kulala tu: siku hiyo nilijiegemeza kwa nguvu zaidi, uzito wangu ukashuka kwenye ile miguu, nayo miguu ikausukuma mtutu juu.

Mtutu wa .22, yaani wa bunduki ya risasi yenye kipenyo cha inchi 0.22 hivi, unaonekana chuma kizima lakini unapinda. Huwezi kuuona ukipinda kwa macho, ila karatasi ya shabaha inauona. Kwa hiyo mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo moja: baipodi ishike mti, mtutu uachwe huru. Ukikutana na ya kubana mtutu dukani, ipite.

Ninaposema "mti" nina maana ya sehemu yote ya mbao au plastiki inayobeba bunduki, toka kitako cha begani hadi ile sehemu ya mbele iliyo chini ya mtutu. Mfereji ni ule mwanya uliochongwa juu ya mti wa mbele, mtutu unapolala.

Kabla ya bisibisi

Toa magazini. Fungua bolti, kile chuma cha nyuma kinachofunga chemba risasi inapokaa, angalia chemba kwa jicho, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo, kwa sababu jicho lililochoka hudanganya. Sasa chomoa bolti kabisa uiweke chumba kingine, na risasi ziwe kwenye kasha lake lililofungwa, si juu ya meza unayofanyia kazi. Mwenye bunduki akicheka hatua hii, mwache aende akafunge baipodi kwa mwingine.

La pili ni la sheria. Tanzania silaha zote za raia ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni ni ya mtu na bunduki yake. Haiazimwi, haitumwi kwa bodaboda. Usiiache bunduki nzima kwa fundi seremala "nitaipitia jioni". Kazi karibu yote ninayoeleza hapa inahusu mti peke yake, kwa hiyo ukihitaji jiliwa au drili ya mezani, fungua bunduki nyumbani, mtutu na bolti vibaki kabatini kwa ufunguo, ubebe mti tu. Ukiwa na shaka yoyote, uliza kituo cha polisi unakohuishia leseni kabla hujatoboa. Si baada.

Mimi mti wangu niliupeleka kwa mzee mmoja mwenye karakana ya milango na vitanda. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Hiki nacho ni mguu wa kiti gani?" Nilipomweleza akaugeuzageuza, akaunusa, akasema ni mti wa Ulaya, hauna ukaidi wa mninga. Akaniambia jambo moja lililoniokoa, nitalifikia.

Tazama chini ya mti wako una nini

Geuza mti juu chini. Utakuta mojawapo ya hali nne.

Kama kuna kishikio cha mkanda, yaani kile kijiti kifupi cha chuma chenye tundu lililopita kando kwa kando, umebahatika. Baipodi nyingi, zikiwemo za Harris zinazotengenezwa Marekani na zile nyingi zilizoigwa kutoka kwake, zimeundwa kukamata hapo hapo.

Kama kuna mfereji mrefu wa chuma wenye umbo la T uliochimbwa chini ya mti wa mbele, hiyo ni bunduki ya mashindano hasa, na reli hiyo wengi huiita reli ya Anschütz. Usitoboe chochote. Tafuta kipande cha kuteleza ndani ya reli, chenye kishikio juu yake, kisogeze utakapo, ukaze kwa alenki, ile funguo ya pembe sita. Dakika tano.

Kama kuna reli yenye meno, pima mwanya kati ya meno. Reli ya Picatinny ina mianya ya milimita 5.2 hivi, ya Weaver ni kama 4.6. Kifaa cha Weaver kwa kawaida huingia kwenye Picatinny, lakini cha Picatinny hugoma kuingia kwenye Weaver, na kukigongea kwa nyundo si suluhisho. Nimeona mtu akifanya hivyo.

Hali ya nne ndiyo ya wengi wetu wenye bunduki za zamani: hakuna kitu, au kuna kikuku cha mkanda kisichotoka ambacho baipodi haiwezi kukishika. Hapo itabidi utoboe, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kwa ajili yenu.

Urefu wa miguu

Baipodi fupi, ya sentimita 15 hadi 23, inafaa kwa kulala chini au kupiga ukiwa mezani. Ya 23 hadi 33 inafaa ukilala penye nyasi. Zile ndefu za hadi karibu sentimita 70 ni za kupiga umeketi, na kwenye .22 ya shabaha zinatikisika kama ngazi mbovu. Kwetu nyanda za juu ardhi tambarare ni ya kutafuta kwa tochi, hivyo lipia kidogo zaidi upate yenye kichwa kinachoinamia kushoto na kulia. Yenye kichwa kigumu itakulazimisha kurefusha mguu mmoja kila mara, na utabaki umeinamisha bunduki bila kujua. Bunduki ikilalia kulia, risasi nayo huenda kulia na kushuka kidogo.

Na kabla hujatoa pesa, jiulize unataka kupiga wapi. Kwenye mashindano yanayofuata kanuni za Olimpiki, yale ya .22 kwa mita 50, hairuhusiwi kuegemeza bunduki kwenye miguu wakati wa kupiga. Mpigaji hulala na mkanda mkononi. Baipodi ni ya mazoezi, ya kupima risasi zipi bunduki yako inazipenda, na ya michezo ambayo kanuni zake zinaikubali.

Kufunga kwenye kishikio kilichopo

Kishikio kizungushe mpaka tundu lake litazame kulia na kushoto, siyo mbele na nyuma. Legeza ile nati ya kidole iliyo chini ya baipodi. Taya zake mbili ndogo zina vijino. Bana taya ili vijino viingie ndani ya tundu toka pande zote mbili. Hakikisha miguu inakunjikia mbele, kuelekea mdomo wa mtutu. Kisha kaza nati kwa vidole. Unapokaza, kishikio kinavutwa chini na tandiko la baipodi linapanda kukumbatia mti. Acha linapokaza vizuri, tikisa, ongeza robo mzunguko. Usitumie plaizi. Kishikio kilichoingia kwenye mbao kwa skrubu ya mbao tu kinaweza kung'oka na vumbi lake, na hapo utakuwa umejiunga na kundi la kutoboa.

Kutoboa

Vifaa: drili yenye biti za milimita 2 na 5, biti bapa ya mbao yenye upana wa kutosha nati, tepu ya karatasi, rula, penseli, msasa, gundi ya kuchanganya ya chupa mbili, vanishi, na kishikio cha aina ya skrubu ya chuma na nati yake. Narudia, cha nati. Vishikio vya skrubu ya mbao vimetengenezwa kubeba mkanda, ambao huvuta kidogo na kwa pembe. Baipodi ni wenzo: kila ukisukuma mbele, inataka kung'oa. Hili ndilo alilonionya yule mzee wa vitanda. "Skrubu ya mti ni ya kitasa cha kabati," alisema. "Kitu cha kuegemewa na mtu mzima kinafungwa kwa bolti na nati, kama mguu wa kitanda." Anajua anachosema, vitanda vyake havilii.

Toa mtutu kwenye mti kwa kufungua skrubu za chini. Kama ziko mbili, weka alama ipi ni ya mbele na ipi ya nyuma, mara nyingi hazilingani urefu. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mfereji wa skrubu; bisibisi nyembamba itakuachia kichwa kilichochubuka na aibu ya kudumu.

Bandika tepu chini ya mti wa mbele. Sasa tafuta katikati, na hapa usiwe na haraka. Pima upana mahali pawili, weka nukta katikati ya kila mahali, ziunganishe kwa rula. Mstari ukiwa sahihi utaelekea moja kwa moja kwenye tundu la skrubu ya mbele ya mti; usipoelekea, pima upya. Mimi mara ya kwanza niliamini macho, nikakosea milimita mbili. Milimita mbili haionekani mpaka ukunjue miguu, ndipo bunduki inasimama kama mlevi wa asubuhi.

Rudi nyuma kutoka ncha ya mti kiasi cha sentimita 6 au 7, weka alama ya msalaba. Ukienda mbele sana, mti unakuwa mwembamba na unapinda. Ukirudi nyuma sana, baipodi inakaribiana na mkono wako na bunduki inacheza upande wa mdomo.

Pima unene wa mbao hapo, toka chini hadi sakafu ya mfereji. Ukishaujua, utajua nati itazama kiasi gani na skrubu itabaki na urefu gani.

Funga mti kwenye jiliwa, taya zikiwa zimevikwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Hakuna kinachoshika vizuri bila kukwaruza kama mpira ule, na kwa fundi baiskeli yeyote unapewa bure. Anza na biti ya milimita 2. Toboa wima, toka chini kwenda mfereji, polepole, huku ukiwa umebana kipande cha mbao chakavu upande wa kutokea ili mti usichanike. Kisha simama. Angalia tundu dogo limetokea wapi ndani ya mfereji. Likiwa katikati, endelea. Likiwa pembeni, bado tundu la milimita 2 linazibika kwa kijiti na gundi. La milimita 5 linazibika pia, ila utaliona kila siku ya maisha yako.

Sasa geuza, na kutoka ndani ya mfereji panua nafasi ya nati kwa biti bapa. Tumia mkono badala ya umeme kama unaweza: mzunguko, pulizo la vumbi, kujaribu nati, mzunguko tena. Nati lazima ilale chini ya sakafu ya mfereji, isichungulie hata kidogo, maana ikigusa mtutu utakuwa umerudi palepale pa baipodi ya kubana. Lakini usizamishe mno, mbao iliyobaki chini ya nati ndiyo inayobeba kila kitu. Mwishowe pitisha biti ya milimita 5 kwenye tundu lote. Kipimo hicho kinatosha kwa vishikio vingi, lakini pima skrubu yako kwanza.

Paka vanishi nyembamba ndani ya tundu lote kabla ya kufunga. Watu huliruka hili. Huku kwetu mvua inaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na Mufindi ukungu haungoji mvua. Mbao mbichi iliyo wazi ndani ya tundu inakunywa unyevu, inavimba, halafu kipupwe kinaikausha na nati inalegea. Acha vanishi ikauke usiku mzima.

Weka nati na gundi kidogo pembeni mwake, skrubu ikiwa imepakwa grisi ili gundi isiishike. Kaza. Kama ncha ya skrubu imetokeza juu ya nati, ikate na uipige tupa. Kesho yake rudisha mtutu, kaza skrubu za mti kwa kubadilishana kidogo kidogo, mbele, nyuma, mbele, mpaka zote zikae.

Miti ya plastiki ni hadithi tofauti. Mingi ina kishikio tayari, na usiokuwa nacho mara nyingi una uwazi ndani ambapo nati haina pa kushika. Mimi sitoboi plastiki.

Jaribio la karatasi

Kata ukanda wa karatasi ya daftari, upana wa vidole viwili. Uzungushe chini ya mtutu karibu na mdomo, shika ncha zake mbili, uvute kurudi nyuma kati ya mtutu na mti. Ukipita bila kukwama hadi karibu na chemba, mtutu wako unaelea. Kumbuka kama unaelea hivyo toka kiwandani, kwa sababu si bunduki zote zinaelea. Baadhi zimeundwa mti wa mbele uuguse mtutu mahali fulani kwa makusudi. Ya namna hiyo usiishambulie kwa msasa. Iache, na ukubali kwamba utahitaji kuegemea kwa uzito uleule kila mara.

Sasa fungua miguu, weka bunduki chini, lala nyuma yake kama unayetaka kupiga, sukuma kidogo kwa bega. Bolti bado iko chumba cha pili. Mwombe mtu avute karatasi tena. Hapa ndipo miti mingi mepesi inajisema: karatasi iliyopita vizuri juu ya meza inakwama, kwa kuwa mti umejipinda ukapanda kuugusa mtutu. Zungushia msasa kwenye kijiti chembamba kuliko mfereji, sugua pale inapokwama, pima, sugua. Ukimaliza paka vanishi ulipochubua.

Kupiga

Nenda mahali panaporuhusiwa, penye kingo nzito ya udongo nyuma ya shabaha. Risasi ya .22 ni ndogo, gramu mbili na nusu hivi, lakini inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Kilima chenye mibuni ya jirani si kingo.

Usipige kwanza na baipodi. Anza bila hiyo: egemeza mti wa mbele juu ya mfuko wa mchanga, piga makundi matatu ya risasi tano kwa mita 50. Ndipo ufunge baipodi upige mengine matatu, boksi lilelile. Linganisha mambo mawili, ukubwa wa kundi na kitovu chake. Kitovu kusogea kidogo ni kawaida. Kwa darubini yenye mibofyo ya robo dakika (dakika ya pembe, si ya saa), mbofyo mmoja kwa mita 50 ni karibu milimita 4, unarekebisha unaendelea. Kundi likipanuka wazi, kitu kinagusa au kinacheza. Rudi kwenye karatasi na kwenye nati.

Usiweke miguu juu ya saruji au meza tupu, inaruka kama mbuzi wakati risasi inatoka. Tandika kipande cha zulia kuukuu. Nyuma, chini ya kitako, weka mfuko mdogo wa kubana kwa mkono wa kushoto. Ukibana, mdomo wa bunduki unashuka, ukiachia unapanda. Niliwahi kujaza wangu mchele wa Kyela. Ulikaa vizuri ajabu, mpaka wadudu walipoanza kutembea juu ya shavu langu, na mama watoto akaniuliza kama kweli nimeona mchele mzuri vile ni wa kulaliwa. Sasa najaza mchanga wa mto, uliooshwa na kukaushwa juani siku mbili.

Kuhusu kusukuma mbele: wenye bunduki kubwa hujiegemeza kwa nguvu ili wadhibiti teke. Ya .22 haina teke la maana. Sukuma kiasi cha kuondoa ulegevu wa miguu, basi, na iwe kiasi kilekile kila risasi. Jisikilize bega, siyo mikono.

Baada ya risasi hamsini za kwanza, jaribu nati ya kidole. Karibu kila mara itakubali robo mzunguko zaidi, mbao ikiwa inajikalisha. Ukifika nyumbani toa baipodi, ikunje, pangusa miguu, tone la mafuta kwenye springi. Ukiiacha imefungwa bunduki haitaingia vizuri kabatini.

Karatasi irudie mara mbili kwa mwaka, mvua zikikolea na kipupwe kikianza. Februari iliyopita yangu ilikwama sentimita 10 kutoka ncha, upande wa kushoto, ilhali Novemba ilikuwa inapita kama kisu kwenye siagi. Nikafungua mti, nikasugua mara nne, nikapaka vanishi, nikaurudisha kesho yake jioni. Ikapita.